Chakula, vinywaji na adabu za mezani za Ayalandi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu yamepangwa kuanzia mambo ya msingi hadi yale ya pembeni. Jambo likiwa limeshaelezwa kwingine, utaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Kabla ya viazi

1. Waayalandi walikula nini kabla ya viazi kufika?

Maziwa, na kila kitokanacho na maziwa. Viazi vilifika mwishoni mwa karne ya 16. Kabla ya hapo, kwa maelfu ya miaka, nchi ilikuwa ya wafugaji: utajiri ulihesabiwa kwa ng'ombe, faini zililipwa kwa ng'ombe, na vita vingi vilikuwa uvamizi wa kupora mifugo. Ng'ombe wa maziwa hakuchinjwa ovyo. Waliochinjwa zaidi ni madume yasiyohitajika na ng'ombe waliozeeka.

Majira ya joto watu waliishi kwa maziwa mabichi, mtindi, siagi na jibini za aina nyingi. Majira ya baridi, maziwa yalipopungua, walirudi kwenye nafaka, yaani oti na shayiri, kwa uji na mikate bapa iliyookwa juu ya jiwe au chuma cha moto. Ngano ilikuwa ya wenye uwezo, kwani mvua za kule haziipendi. Juu ya hapo kulikuwa na nguruwe wa kutiwa chumvi, asali, vitunguu, samaki wa mtoni na mwani (tazama swali la 26).

2. Siagi ya kinamasini ni nini?

Ni mabonge ya siagi, mara nyingine ya mafuta ya wanyama, yaliyozikwa kwenye vinamasi vya mboji ndani ya vyombo vya mbao au vikapu. Wakata mboji bado huyafukua, na mengi yako Makumbusho ya Taifa mjini Dublin. Uchunguzi wa kikemia uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba desturi hii ina umri wa takribani miaka 3,500.

Kinamasi kina baridi, kina asidi na hakina hewa, kwa hiyo bakteria waozeshaji hushindwa kazi. Sababu ya kuzika haikuwa moja. Baadhi waliihifadhi kwa ajili ya miezi ya uhaba, baadhi waliificha wavamizi na watoza kodi, na huenda mabonge mengine yalikuwa sadaka. Siagi hugeuka kuwa kitu kigumu cheupe chenye harufu ya jibini iliyokaa. Usiijaribu.

3. Walipikaje nyama nyingi bila sufuria kubwa?

Kwa mawe ya moto. Kila pembe ya nchi ina vichuguu vyenye umbo la kwato ya farasi, vilivyojaa mawe yaliyopasuka kwa moto. Huitwa fulacht fiadh, na vingi ni vya Enzi ya Shaba. Walichimba shimo karibu na maji, wakalizungushia mbao ndani, maji yakajaa yenyewe. Kando yake uliwashwa moto wa kuchoma mawe, kisha mawe yakatumbukizwa moja baada ya jingine.

Katika miaka ya 1950 mwanaakiolojia M. J. O'Kelly alilijaribu jambo hili huko Ballyvourney, kaunti ya Cork. Lita 450 hivi za maji zilichemka ndani ya dakika 30 hadi 35. Paja la kondoo la kilo 4.5, likiwa limefungwa kwa majani makavu, liliiva kwa saa 3 na dakika 40, na halikuwa na majivu wala matope. Jiwe la mchanga huvumilia mara kadhaa. Mawe mengine hupasuka upesi, ndiyo maana vichuguu vikawa vikubwa hivyo. Wapo wanaosema mashimo haya yalitumika pia kuogea, kutia nguo rangi au kutengeneza pombe. Hakuna linalozuia yote hayo kuwa kweli kwa nyakati tofauti.

4. Tajiri na maskini walikula chakula kimoja?

La, na sheria ndiyo iliyopanga tofauti. Sheria za kale za Brehon, zilizoandikwa karne ya 7 na ya 8, ziliagiza hata uji wa watoto waliokuwa wakilelewa katika familia nyingine. Mtoto wa mtu wa kawaida alipata uji wa oti uliopikwa kwa maji au mtindi, ukatiwa siagi ya chumvi iliyokaa. Wa chifu alipikiwa kwa maziwa, akapewa siagi mpya. Wa mfalme alipikiwa kwa maziwa pia, akaongezewa asali.

Sheria hizohizo zilifanya ukarimu kuwa wajibu. Alikuwapo hata mtu mwenye cheo kilichotokana na kulisha wageni, briugu, ambaye sufuria yake haikutakiwa kutoka motoni. Aliyemnyima mgeni chakula pasipo sababu alishuka hadhi yake kisheria.

## Viazi na Njaa Kuu

5. Kwa nini viazi vilishika nchi nzima?

Kwa sababu ya ardhi. Karne ya 17 Waayalandi wengi walinyang'anywa mashamba, wakabaki wapangaji wa vipande vidogo. Nafaka, siagi na ng'ombe viliuzwa kulipa kodi ya shamba. Familia ikabaki na kona yenye maji au mawe, na zao lililokubali kona hiyo ni kiazi mviringo. Ekari moja au moja na nusu iliweza kulisha familia sehemu kubwa ya mwaka.

Jembe la kukokotwa halikuhitajika. Walitandaza samadi au mwani juu ya nyasi, wakapanga mbegu juu yake, wakageuza udongo wa pande zote mbili kwa sepetu hadi likapatikana tuta. Mtaro katikati ya matuta uliondoa maji. Alama za matuta hayo bado zinaonekana milimani magharibi, mahali ambapo leo hapaishi mtu.

6. Je, ni kweli mtu alikula kilo tano za viazi kwa siku?

Ni kweli. Kabla ya 1845 mwanamume wa kazi za shamba alikula kilo 5 hadi 6 kwa siku, akigawa milo mitatu. Wanawake na watoto walikula pungufu. Kiazi kikiliwa kwa wingi huo pamoja na maziwa au mtindi, mwili hupata karibu kila unachohitaji. Wageni waliandika mara kwa mara kwamba maskini wa Ayalandi walikuwa na nyumba mbovu lakini miili yenye afya.

Namna ya kula ilikuwa hivi. Viazi vilichemshwa na maganda yake katika chungu cha chuma cha miguu mitatu, vikamiminwa kwenye kikapu kipana ili maji yachuje. Kikapu kikawekwa juu ya chungu kilekile, hapo ndipo meza. Watu walikaa kwenye vigoda kukizunguka, kila mmoja akamenya kwa ukucha wa kidole gumba; wengine waliufuga makusudi. Pembeni palikuwa na chumvi na kikombe cha mbao cha mtindi. Wakati mwingine viazi viliachwa na kiini kigumu, "vyenye mfupa" kama walivyosema, ili vikae tumboni muda mrefu. Maganda na maji ya kuchemshia vilikwenda kwa nguruwe, na nguruwe akauzwa kulipa kodi.

Mtindi ukikosekana, kitoweo kilikuwa sill (herring, samaki mdogo wa baharini) mmoja wa chumvi kwa familia nzima. Ndipo ukatokea mzaha wa "viazi na kuonyeshea": unamwonyesha kiazi samaki aliyening'inia darini, halafu unakila kikavu.

7. Kilitokea nini mwaka 1845?

Ugonjwa wa baka jani chelewa, uletwao na kiumbe kiitwacho Phytophthora infestans, ulivuka kutoka Amerika na kuonekana Ayalandi mwishoni mwa majira ya joto ya 1845. Mwaka huo uliharibu sehemu tu ya mavuno. Mwaka 1846 uliharibu karibu yote. Mwaka 1847 ugonjwa ulipungua, lakini watu walikuwa wameshakula mbegu, wakapanda kidogo, 1848 ukarudi.

Watu takribani milioni 3 walitegemea viazi karibu peke yake, na wengi wao walipanda aina moja, Lumper. Iliwafaa kwa sababu inazaa sana katika udongo mbaya. Kosa lake ni kwamba ina majimaji, haikai ghalani hadi mavuno mapya, na haikuwa na kinga dhidi ya ugonjwa huu. Kiazi kilichoonekana kizima siku ya kuchimbwa kiliweza kuwa uji mweusi unaonuka baada ya siku chache shimoni. Watu takribani milioni moja walikufa, wengi kwa homa na kuhara kuliko kwa njaa tupu, na wengine zaidi ya milioni moja wakahama. Sensa ya 1841 ilihesabu watu milioni 8.2, ya 1851, milioni 6.6.

8. Ayalandi ni kisiwa. Kwa nini hawakula samaki?

Walikula, pale walipoweza. Lakini pwani ya magharibi inakabili Atlantiki, na chombo cha maskini kilikuwa currach, mtumbwi wa fito uliofunikwa ngozi au turubai la lami. Unafaa karibu na ufuo, siku ya utulivu. Makundi makubwa ya samaki yako mbali. Bandari zilikuwa chache, chumvi ya kuhifadhia ilikuwa ghali, na barabara za kufikisha samaki sokoni hazikuwapo. Njaa ilipobana, wavuvi waliweka nyavu rehani ili wanunue unga. Huko Claddagh, Galway, Maquaker waliwakopesha fedha za kuzikomboa.

Chaza na konokono wa mawe, pamoja na mwani, viliokotwa hadi fukwe zikabaki tupu.

9. Unga wa mahindi wa msaada ulikataliwa kwa nini?

Msomaji aliyelelewa kwa ugali hushangaa, lakini tatizo lilikuwa upishi na usagaji. Novemba 1845 waziri mkuu wa Uingereza, Robert Peel, aliagiza kwa siri mahindi ya pauni 100,000 kutoka Marekani. Yalikuwa mahindi ya njano ya aina ngumu kama gumegume. Mawe ya kusagia oti hayakuyaweza. Yalipaswa kusagwa mara mbili. Nyumba nyingi hazikuwahi kuona mahindi, zikayapika nusunusu, na matumbo yakaumia. Watu wakayaita "kiberiti cha Peel", yaani salfa yake, kwa rangi na kwa madhara.

Lipo kosa jingine ambalo halikueleweka wakati huo: mahindi hayana vitamini C, ilhali kiazi kinayo. Ugonjwa wa fizi kuvuja damu, uliokuwa nadra, ukaenea. Wakenya wanaokumbuka mahindi ya njano ya ukame wa 1984 wanajua namna chakula cha msaada kinavyopewa jina baya. Hata hivyo uji wa unga wa njano ulizoeleka, na ukabaki chakula cha maskini wa magharibi kwa miongo kadhaa.

10. Ni kweli chakula kilisafirishwa nje watu wakifa?

Kweli. Ng'ombe, siagi na oti viliendelea kupakiwa melini. Mwaka 1847 nafaka iliyoingia ilizidi iliyotoka, lakini ilichelewa, na mwenye njaa hakuwa na fedha ya kuinunua. Msaada uliofanya kazi ni majiko ya supu: Julai 1847 yalilisha watu milioni 3 kwa siku. Serikali ikayafunga miezi michache baadaye.

## Nyama, mkate na sufuria

11. Nyama ya ng'ombe ya chumvi ni chakula cha taifa?

Ni bidhaa ya Ayalandi kuliko chakula cha Waayalandi. Sheria za Uingereza za 1663 na 1667 zilizuia ng'ombe hai wa Ayalandi kuingia Uingereza, basi wafanyabiashara wa Cork wakamchinja, wakamtia chumvi na kumpakia kwenye mapipa. Karne ya 18 mapipa hayo yalilisha majeshi ya maji na mashamba ya watumwa ya Karibi. Aliyefuga ng'ombe hakumla.

Wahamiaji waliofika New York ndio walioizoea: walikuta kidari cha ng'ombe cha chumvi kwa bei nafuu kwenye bucha za Wayahudi. Hivyo sahani ya Machi 17, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, huko Marekani ni hiyo na kabichi; nyumbani ni nguruwe wa chumvi na kabichi. Loweka nyama usiku kucha, mwaga maji, chemsha polepole dakika 20 kwa kila gramu 450 na uongeze 20. Kabichi huingia mwishoni, ndani ya maji yaleyale, dakika chache tu.

12. Mkate wa soda ni wa kale?

Hapana. Ulienea miaka ya 1830 na 1840, soda ya kuokea ilipopatikana madukani. Ulifanikiwa kwa sababu tatu: ngano ya Ayalandi ni laini na haifai sana kwa hamira, mtindi ulikuwa katika kila nyumba, na maskini hakuwa na tanuri. Uliokwa ndani ya bastible, sufuria nzito ya chuma iliyowekwa juu ya makaa ya mboji na kupangwa makaa mengine juu ya mfuniko.

13. Naupikaje, na kwa nini wangu hutoka mzito au wa njano?

Chukua unga laini wa ngano gramu 450, kijiko cha chai cha chumvi, kijiko cha chai kilichosawazishwa cha soda ya kuokea na mtindi mililita 350 hadi 400. Chekecha vikavu. Fanya shimo katikati, mimina mtindi karibu wote, koroga kwa vidole vilivyotanuliwa hadi unga ushikane. Uviringe, ubonyeze uwe na kimo cha sentimita 4, ukate msalaba wa kina. Oka dakika 15 kwa nyuzi 230, kisha 30 kwa nyuzi 200. Ugonge chini, ukitoa sauti ya kitu kitupu, umeiva.

Makosa ya kawaida ni haya. Kuukanda: donge hili si la chapati, ukilikanda mkate unakuwa mzito. Soda ya kumiminwa kwa makisio: mkate unageuka njano na kuonja sabuni. Kuchelewa: gesi huanza kutoka soda inapogusa mtindi, kwa hiyo tanuri liwe moto kabla hujachanganya. Unga wenye chachu ndani yake usiutumie kabisa.

Maziwa ya mgando, au mala kwa Wakenya, yanafaa. Yakiwa mazito yapunguze kwa maziwa kidogo. Usipoyapata, tia kijiko kikubwa cha maji ya limau katika mililita 350 za maziwa na usubiri dakika 10. Maziwa matupu hayafai, kwani bila asidi soda haifanyi kazi yake.

14. Mchuzi wa kondoo wa Ayalandi una karoti au hauna?

Wa zamani ulikuwa na shingo ya kondoo aliyekomaa, viazi, vitunguu na maji. Karoti ni ugomvi usioisha. Sisi hatuoni kosa kuiweka. Kosa ni kuunganisha mchuzi kwa unga. Weka aina mbili za viazi: vya unga, vilivyokatwa vyembamba chini, vivurugike na kuufanya mzito, vigumu juu, vibaki vizima. Moto mdogo, saa mbili. Nyama ya kondoo mchanga haina ladha ya kutosha kwa pishi hili.

15. Colcannon, champ, boxty na coddle vinatofautianaje?

Colcannon ni viazi vilivyopondwa na kabichi au sukuma wiki, na shimo la siagi katikati. Champ, ya kaskazini zaidi, ni viazi vilivyopondwa na majani ya vitunguu yaliyochemshwa ndani ya maziwa. Boxty, ya Leitrim, Cavan na kaunti jirani, huchanganya viazi vibichi vilivyokwaruzwa na vilivyopondwa. Vibichi vikamue kwa kitambaa hadi vikauke, la sivyo andazi halishikani. Coddle ni ya Dublin: soseji, nyama ya nguruwe ya chumvi, viazi na vitunguu, vyote vikichemshwa bila kukaangwa. Soseji hutoka nyeupe. Mgeni huogopa, mwenyeji hudai iwe hivyo.

## Vinywaji

16. Wiski ilianza lini, na kwa nini ilikaribia kufa?

Kumbukumbu za Clonmacnoise zinataja chifu aliyekufa Krismasi ya 1405 kwa kunywa kupita kiasi. Lebo za Bushmills huonyesha 1608. Huo ni mwaka wa leseni aliyopewa Thomas Phillips kwa eneo hilo, ilhali kampuni yenyewe ilisajiliwa 1784.

Kodi ya kimea ya 1785 iliwafanya wenye viwanda wachanganye shayiri yenye kimea na isiyo na kimea, na ladha ya wiski ya Ayalandi ikatokana na ukwepaji huo. Mwaka 1830 Aeneas Coffey, aliyewahi kuwa afisa wa kodi Dublin, alipata hataza ya mtambo wa kukeneka mfululizo. Wenzake waliudharau, Waskoti wakauchukua. Kisha yakaja marufuku ya pombe Marekani, 1920 hadi 1933, na vita vya kibiashara na Uingereza vya miaka ya 1930. Mwaka 1966 kampuni za Jameson, Powers na Cork ziliungana, na kuanzia 1975 vikabaki viwanda viwili kisiwani: Midleton na Bushmills. Cooley kilifungua njia upya mwaka 1987. Sheria inataka miaka 3 ndani ya pipa la mbao, kisiwani humohumo.

17. Poitín ni nini?

Ni gongo ya Ayalandi, na historia yao inafanana hadi kwenye mbio za polisi. Kodi ya 1661 ndiyo iliyoizaa: aliyekeneka bila kulipa akawa mhalifu. Ilipikwa visiwani na kando ya maziwa, siku za upepo ili moshi utawanyike. Malighafi ya asili ni kimea cha shayiri. Sukari na molasi vilifuata, na viazi vilitumika kidogo kuliko inavyosimuliwa. Hatari iko kwenye tone la kwanza la mkeneko, ambalo mpishi mwenye haraka hulichanganya badala ya kulimwaga. Kuuzwa nchini kihalali kulianza 1997.

18. Guinness huongeza damu?

Haiongezi. Paini moja ina chini ya miligramu moja ya chuma, ilhali mwanamke mzima anahitaji takribani 15 hadi 18 kwa siku. Imani hiyo haikuanzia Afrika Mashariki. Ayalandi kwenyewe wachangia damu walipewa paini, na wazazi waliojifungua waliandikiwa. Kwa upungufu wa damu nenda hospitali.

19. Kwa nini Guinness ya Dublin ni laini kuliko ya chupa ya Nairobi?

Ni vinywaji viwili tofauti. Ya chupa inatokana na ile iliyopikwa kali kwa ajili ya safari za baharini tangu 1801, na povu lake ni la kaboni dayoksidi. Ya bomba ni ya 1959, ilipoanza kutumia nitrojeni. Ina vijipovu vidogo na asilimia 4.2 tu ya pombe. Arthur Guinness mwenyewe, aliyepanga kiwanda cha St James's Gate mwaka 1759 kwa miaka 9,000 na pauni 45 kwa mwaka, asingeitambua.

Humiminwa kwa awamu mbili: bilauri imeinamishwa nyuzi 45 hadi robo tatu, inaachwa dakika mbili hivi itulie, kisha inajazwa. Ukimhimiza mhudumu, umejitambulisha kuwa mgeni.

20. Chai yao ni ya wapi?

Sehemu kubwa ni ya Kenya na Rwanda, ikichanganywa na ya Assam. Kampuni za Cork na Dublin hununua Afrika Mashariki tangu zamani. Wanaipenda kali, imekaa kwenye birika dakika 4 au 5, maziwa yakiongezwa kikombeni wala si kuchemshwa nayo. Wakati wa vita vya pili vya dunia mgawo ulishuka hadi gramu 14 kwa mtu kwa wiki, na majani yakachemshwa mara ya pili na ya tatu. Wazee wa Dublin waliongelea ukosefu huo kuliko ukosefu wa petroli.

21. Krimu yangu huzama kwenye kahawa ya Kiayalandi. Kwa nini?

Umeacha sukari au krimu ni nyepesi mno. Joe Sheridan aliitengeneza Foynes, kaunti ya Limerick, mwanzoni mwa miaka ya 1940, kwa abiria wa ndege za majini waliofika wakitetemeka. Tia wiski mililita 40, vijiko viwili vya chai vya sukari, kahawa ya moto. Koroga hadi sukari iyeyuke, kwani ndiyo inayofanya kahawa iwe nzito ya kubeba krimu. Piga krimu kidogo tu, bado imiminike, uiteremshe juu ya mgongo wa kijiko. Usikoroge tena.

## Adabu na sikukuu

22. Nikikaribishwa chai nifanyeje?

Kwa desturi, hasa vijijini na kwa wazee, karibisho la kwanza hukataliwa kwa upole, la pili hukataliwa kwa ulegevu, la tatu hukubaliwa. Vijana hawajali sana. Kinachoudhi ni kuondoka bila kuonja chochote. Jioni, "tea" kwa familia nyingi ni mlo, na "dinner" ya mkulima ni saa saba mchana, kwa hiyo uliza saa kabla ya kwenda.

23. Raundi ya baa inaendaje?

Kila mtu kwenye kundi hununulia wote kwa zamu, bila kuambiwa. Anayekunywa soda yumo vilevile. Ukitaka kujitoa, sema kabla hujapokea glasi ya kwanza. Ukiwa na haraka, nunua raundi ya kwanza uondoke baadaye kwa amani. Kupokea tatu na kupotea chooni hakusahauliki.

24. Sikukuu gani zina chakula chake?

Oktoba 31, yaani Halloween, ilikuwa siku ya kutokula nyama, ndiyo maana vyakula vyake ni colcannon, boxty na barmbrack, mkate wa matunda makavu unaofichwa vitu: pete kwa atakayeoa au kuolewa, sarafu kwa utajiri, kitambaa kwa umaskini. Wa dukani siku hizi una pete tu. Waonye watoto kabla hawajang'ata.

Kwaresima ya zamani ilikataza nyama, mayai, maziwa hata siagi, na sill ndiye aliyebeba mzigo. Wachinjaji wa Cork na Drogheda, waliokaa wiki saba bila wateja, Jumamosi Kuu walimfunga sill kwenye mti na kumchapa mitaani. Januari 6 wanawake wa Cork na Kerry hupumzika, wanaume wakapika. Machi 17 ilikuwa kavu: baa zilifungwa kisheria kuanzia 1927 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960.

## Maswali ya pembeni

25. Mimi ni Mwislamu. Nijihadhari na nini?

Kifungua kinywa kamili: soseji, nyama ya vipande na puding nyeusi na nyeupe (soseji nene, si kitindamlo) kwa kawaida zote ni nguruwe, na ile nyeusi ina damu. Boxty huweza kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Matunda ya barmbrack hulowekwa kwa chai, mara nyingine kwa wiski. Mchuzi wa hotelini huweza kuwa na bia nyeusi. Mkate wa soda, champ na samaki wa kuchemsha havina shida. Nyama halali haiadimiki: Ballyhaunis, kaunti ya Mayo, ina machinjio ya halali tangu miaka ya 1970, na mji huo una msikiti.

Kwenye maduka ya chipsi, ambayo mengi ni ya koo zilizotoka kijiji cha Casalattico nchini Italia, uliza mafuta ni ya mimea au ya ng'ombe.

26. Ni kweli wanakula mwani?

Kweli. Dulse hutafunwa mkavu, hasa Antrim. Carrageen hugandisha maziwa kwa karajini, kiungo kilekile kinachotolewa kwenye mwani wa Zanzibar, ingawa spishi ni nyingine. Myrtle Allen, aliyefungua mgahawa nyumbani kwake Ballymaloe mwaka 1964, aliirudisha kwenye meza za heshima.

Loweka gramu 8 za carrageen kavu dakika 10, chemsha polepole ndani ya mililita 900 za maziwa dakika 20, kamua kupitia chujio. Changanya na yai lililopigwa na vijiko viwili vya sukari, acha igande kwenye baridi. Ikizidi gramu 10 hugandamana mno na kunuka pwani.